Sifa za xman, programu isiyojibu

Washairi wetu wameshausifu mnazi kuanzia mizizi hadi makuti, wakaisifu tambuu, wakalisifu jahazi na upepo wake. Xman mpaka leo haijapata wa kuitolea hata ubeti. Mimi si mshairi, lakini dhuluma hii imezidi, kwa hiyo nitaisifu kwa nathari, tena nitaisifu pale inapotukanwa zaidi: pale mtu anapotaka kuibadili ikae apendavyo.

Kwa asiyeijua, xman ni programu ya kusomea kurasa za mwongozo wa mifumo ya jamii ya Unix kwenye dirisha lenye vitufe na menyu, badala ya kuzisoma kwenye terminali tupu. Kurasa zenyewe ni za tangu mwaka 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie walipotoa mwongozo wa kwanza wa Unix huko Bell Labs, Marekani. Xman ilikuja baadaye, na nasaba yake haina doa. Barry Shein wa Chuo Kikuu cha Boston aliiandika kwa ajili ya toleo la 10 la mfumo wa madirisha wa X. Chris Peterson wa MIT akaijenga upya kwa ajili ya toleo la 11, lile lililotoka mwaka 1987 na ambalo halijapata mrithi. (Shein huyohuyo mwaka 1989 alifungua The World, miongoni mwa kampuni za mwanzo kabisa kuwauzia raia wa kawaida intaneti ya kupiga kwa simu. Mkono wake ulikuwa wa baraka.) Vitufe vya xman vimetengenezwa kwa vifaa vya Mradi wa Athena wa MIT, uliobeba jina la mungu wa kike wa Wagiriki, msimamizi wa hekima na vita. Hekima nimeisikia tu. Vita nimevizoea.

Sura yake ni ya mcha Mungu. Ukiifungua unapokewa na kidirisha chenye vitufe vitatu: cha msaada, cha kutoka na cha ukurasa wa mwongozo. Hakuna kivuli, hakuna kona za mviringo, hakuna kinachochezacheza. Ukanda wa kusogezea maandishi uko kushoto na una adabu zake: bofya kwa kitufe cha kushoto cha kipanya uende mbele, cha kulia urudi nyuma. Ukibofya karibu na kichwa cha ukanda unasogea kidogo, ukibofya karibu na mguu unaruka sana. Mgeni hukasirika. Akishazoea, hukasirishwa na programu nyingine zote.

Sasa tuje kwenye mipangilio, maana hapo ndipo inapong'aa. Programu za siku hizi zina dirisha maalumu la kazi hiyo: unatia alama kwenye kisanduku, unakubali, umemaliza, na hujajifunza kitu. Xman haijamdharau mtumiaji wake kiasi hicho. Yenyewe inataka uandike. Tuseme unataka kitufe cha kutoka kizungumze Kiswahili. Unaandika hivi kwenye faili:

Xman*quitButton.label: Kwaheri

Ukiiwasha upya, kitufe kinasema Kwaheri. Programu ngapi zilikupa ruhusa hiyo tangu miaka ya themanini, bila kungoja kamati yoyote ya tafsiri? Lakini hebu andika quitbutton, kwa b ndogo, kisha utazame. Hakuna onyo. Hakuna ujumbe mwekundu. Kitufe kinabaki na Kiingereza chake, na mstari wako umemezwa bila hata kucheuliwa. Jaribu Xman.quitButton.label, kwa nukta badala ya nyota: kimya tena. Nyota huruhusu kuruka ngazi za ukoo, nukta hairuhusu. Kitufe kile kimo ndani ya form, form imo ndani ya topBox, na topBox imo ndani ya xman, basi mwenye kutumia nukta sharti ataje kila mzazi kwa zamu yake. Tunalalamika kila siku kwamba vijana hawajui ukoo wao unaanzia wapi. Wapeni xman.

Ukimya huo ndio uungwana mkubwa wa X yote, na xman imeurithi sawasawa. Haikusemi, haikucheki, haikupi namba ya kosa ukaenda kuuliza watu. Inakuachia mwenyewe, usiku, utafute iwapo umekosea herufi, alama, au faili nzima.

Maana faili nayo ina mambo yake. Mapokeo ya wazee yanasema andika kwenye .Xdefaults. Ni kweli, mradi hakuna aliyeipakia seva ya X mipangilio mingine kwa amri ya xrdb. Ikishapakiwa, .Xdefaults yako haisomwi kabisa. Na aliyepakia mara nyingi ni mfumo wenyewe wakati wa kuwaka, kabla hujavuta kiti. Unaweza kuhariri jioni nzima, kwa bidii na nia njema, faili isiyosomwa na yeyote, na xman haitakukatiza. Ukilijua hilo unahamia kwenye xrdb, na huko unafundishwa kwamba bila kuongeza -merge amri hiyo hufuta yote iliyoyakuta na kubakiza ya kwako tu. Ukitaka kujiwekea maelezo ndani ya faili, usianze mstari kwa alama ya reli kama ulivyozoea kwingine. Hapa maelezo huanza kwa alama ya mshangao, na sidhani kama kuna alama iliyowahi kuchaguliwa kwa busara zaidi.

Uzuri wa jina la fonti nao ni huu:

-adobe-courier-medium-r-normal--12-120-75-75-m-70-iso8859-1

Vistari 14, na kila kimoja kina kazi. Ile 12 ni kimo cha herufi kwa nukta za skrini. 120 ni kimo kilekile kwa sehemu za kumi za pointi. 75 mara mbili ni idadi ya nukta kwa inchi, mlalo na wima. 70 ni wastani wa upana wa herufi, nao kwa sehemu za kumi za nukta. Kilichosahaulika ni jina la mjumbe wa nyumba kumi. Na kwa kuwa skrini kali za leo zina nukta maradufu ya hizo 75 au zaidi, herufi zilizowatosha watu wa MIT zinatokea kama chungu. Dawa ipo: ni mpangilio uitwao manualFontNormal. Umeelezwa vizuri kwenye ukurasa wa mwongozo wa xman, ambao xman itakuonyesha kwa herufi zilezile ulizotaka kuzikuza.

Rangi nitazipita haraka. Orodha ya X ina majina kama PeachPuff, LemonChiffon na PapayaWhip. Hiyo ya mwisho, kwa vipimo vya nyekundu, kijani na buluu, ni 255, 239, 213, papai lililopauka kiasi kwamba sokoni Tanga lingerudishwa shambani.

Wabaya wake husema kwamba anayeshinda na xman jioni nzima hajasoma hata ukurasa mmoja kati ya aliokusudia. Huo ni uzushi. Amesoma ukurasa wa xman, amesoma wa xrdb, amesoma ule mrefu wa X, na ule wa amri ya ls ameufungua mara kwa mara ili kuangalia rangi. Akiendelea atakutana na mstari wa Xman*topBox: false, ambao huondoa kidirisha chote cha vitufe vitatu na kumpeleka moja kwa moja kwenye kurasa. Wazoefu wengi huishia hapo. Kile kitufe cha Kwaheri hakionekani tena, lakini kwenye faili kimo, kimeandikwa bila kosa.

Xman bado ipo. Kwenye Debian iko ndani ya kifurushi cha x11-apps, pamoja na saa ya xclock na yale macho ya xeyes yanayofuata kipanya. Kwa wanaoitunza nina ombi moja: zibeni mianya ya usalama, safisheni msimbo mpendavyo, ila dirisha la mipangilio msiiwekee.