Jinsi ya Kuvuna Homa za Watu: Mwongozo kwa Mkurugenzi Mtarajiwa wa Bima

Hongera, mkurugenzi mtarajiwa. Wenzako wa Igembe bado wanakesha na miraa ambayo ikikosa ndege ya leo, kesho ni kuni. Wenzako wa Embu wanagombana na madalali wa makadamia. Wewe umechagua zao lisilongoja mvua wala mbolea, linaloiva mwaka mzima kutoka Laare hadi Kiritiri: ugonjwa.

Kabla hujakodi ofisi, shika jambo moja. Faida ya bima ya afya haiko kwenye dawa, wala kwenye kitanda, wala kwenye daktari. Iko kwenye foleni ya malipo. Anayelipwa mbele hapotezi, hata nchi ibadilishe sheria mara ngapi. Hatua zote zinazofuata ni mbinu za kuitunza nafasi hiyo.

Hatua ya 1: Kusanya leo, lipa ukikumbushwa

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na bila shaka walikuwa watu wa bima. Kinga hulipiwa na mteja. Tiba hulipiwa na kampuni.

Mteja wa bima binafsi hulipa ada ya mwaka mzima kabla hajapiga chafya. Hospitali inayomtibu huleta madai baadaye. Yapokee, uyarudishe kwa kukosa muhuri, uyapokee tena, uyapeleke kwa kamati. Wakati huo wote fedha za mteja hazikai bure: zimenunua hati za hazina na zinaikopesha serikali kwa riba. Ndiyo maana kampuni inaweza kula hasara kwenye bima ya matibabu na bado ikafunga mwaka ikigawa gawio. Akikuuliza mtu, mjibu kwa sauti ya chini kwamba ni mapato ya uwekezaji, kisha angalia saa.

Ila usipitilize. Kampuni ya Resolution, iliyojenga jina lake kwa bima ya matibabu, iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria Aprili 2022, na wateja wakabaki na kadi ambazo hakuna hospitali iliyozitaka. Kuchelewesha malipo ni ustadi. Kukosa kabisa cha kulipa ni aibu.

Hatua ya 2: Mdomo useme kila kitu, hati iseme kidogo

Wakala wako pale Makutano, Meru mjini, asiongee kama hati. Hati iongee Kiingereza cha mawakili, kurasa nyingi, herufi za kusomwa na vijana tu. Wakala aongee hivi: "Mama, hii kava inashika kila kitu, mpaka meno."

Ndani ya hati, panga vizuri. Uzazi ulipiwe baada ya kungoja miezi kumi. Mimba huchukua tisa, na hesabu hiyo haikuja kwa bahati. Sukari na presha alizokuja nazo mteja ziitwe maradhi ya awali, yaani mizigo yake ya nyumbani. Saratani iwe na kikomo kidogo ndani ya kikomo kikubwa, ili kwenye tangazo uandike kile kikubwa.

Kisha jenga idhini. Pasiwe na upasuaji bila idhini, na idhini itoke mbali. Mazungumzo kwenye dirisha la hospitali mjini Embu yawe kama haya:

"Mzee, keti kidogo. Tunangoja idhini kutoka Nairobi."

"Nimeketi tangu jana, mwanangu."

"Sistimu iko chini, mzee."

Ukisikia mzee ameuliza kama sistimu huwa chini pia siku ya kukata ada, jua una mteja hatari. Mtumie kalenda ya mwaka mpya.

Hatua ya 3: Jithamini

Mshahara wako usilinganishwe na wa muuguzi wa zamu ya usiku pale Runyenjes. Huo ni wivu. Ulinganishwe na wa wakurugenzi wenzako, ambao nao wamelinganishwa na wako. Kwa njia hiyo nyote mtapanda kila mwaka, na hakuna atakayejulikana aliyeanza.

Ukihitaji kielelezo, tazama Marekani. Andrew Witty, aliyekuwa mkuu wa UnitedHealth Group, alihesabiwa malipo ya zaidi ya dola milioni 23 mwaka 2023, mwaka ambao kampuni ilipata faida ya zaidi ya dola bilioni 22. Mmoja wa waliomtangulia, William McGuire, aliondoka 2006 kwa kashfa ya hisa zilizoandikwa tarehe za nyuma ili zimletee faida kubwa, na makubaliano ya mwaka uliofuata yakamtoa zaidi ya dola milioni 400. Funzo ni rahisi. Tarehe za kuchezea ni zile za kulipa hospitali.

Huko huko Marekani iko hatari ya kukwepa. Sheria yao ya 2010 inaitaka kampuni ya bima itumie kwa matibabu angalau dola 80 katika kila 100 za ada, na kwa makundi makubwa 85. Ikishindwa, iwarudishie wateja. Wazo kama hilo lisiruhusiwe kuvuka Mto Thuci.

Ikiwa kampuni yako imeorodheshwa kwenye soko la hisa, Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 inakulazimu kuchapisha ripoti ya malipo ya wakurugenzi. Itii sheria. Iweke ndani kabisa, nyuma ya picha zako ukipanda miti.

Hatua ya 4: Mageuzi yakija, yapokee kwa nderemo

Wanagenzi huogopa mageuzi. Wazoefu huyachapishia fulana.

Soma historia ujipe moyo. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, ilizaliwa 1966. Mwaka 2004 waziri wa afya, Charity Ngilu, alileta mswada wa bima ya jamii kwa Wakenya wote. Bunge likaupitisha, waajiri na kampuni binafsi wakapiga kelele, na Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini. Ilichukua karibu miaka ishirini wazo lile kurudi: Rais William Ruto alitia saini sheria mpya Oktoba 2023. Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema sheria hizo zinakiuka katiba, Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyorithi NHIF, ikafungua milango. Wagonjwa waliolala NHIF waliamka SHA, kwenye kitanda kile kile.

Sasa mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila dari. Mwalimu wa 50,000 aliyekuwa akikatwa 1,200 anakatwa 1,375. Wewe wa milioni moja, uliyekuwa ukikatwa 1,700 tu, sasa unakatwa 27,500. Hapa ndipo uzalendo wako unapohitajika. Nenda kwenye televisheni ulalamike kwa uchungu kwamba makato haya yanamuumiza mwananchi wa kawaida.

Mwananchi wa kawaida mwenyewe hana muda wa televisheni. Mkulima asiye na payslipu hujisajili kwa simu, hujibu maswali kuhusu nyumba yake na choo chake, kisha huambiwa alichokadiriwa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, pungufu ya zile 500 za NHIF, na hilo ni jema. Tatizo ni kwamba zinatakiwa za mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Asiye nazo alianzishiwa mwaka 2025 mpango wa Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia bima. Ni ubunifu wa kusomewa wanafunzi: zamani mtu aliugua kwanza ndipo akaingia deni.

Hatua ya 5: Ukishindwa kuwa bima, kuwa mfumo

Hili ndilo shamba jipya, lenye udongo mwekundu wenyewe. Bima hulaumiwa. Mfumo haulaumiwi, mfumo "uko chini" tu, kama mzee wetu wa Embu alivyoelezwa.

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, alieleza katika ripoti iliyotoka 2025 kwamba mfumo wa kidijitali wa SHA, wenye gharama ya shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali inayoulipia, na kwamba ununuzi wake haukufuata ushindani. Unaendeshwa na kundi la kampuni linaloongozwa na Safaricom, na mapato yake yanatokana na asilimia 2.5 ya michango ya wanachama na asilimia 5 ya madai ya hospitali. Serikali ilijibu kwamba haitoi fedha zote mapema, inalipa kadiri mfumo unavyotumika.

Jibu zuri. Lakini wewe, mwanafunzi mwema wa foleni, umekwisha kuona. Mchango ukiingia, sehemu imetengwa. Dai likija, sehemu nyingine. Mama wa Siakago akiwa mzima, biashara ipo. Akilazwa, biashara ipo zaidi. Katika safari yote ya shilingi yake, asiye na asilimia iliyoandikwa kwenye mkataba ni yeye peke yake.

Hatua ya 6: Fanya urafiki na kitanda kisicho na mtu

Mgonjwa halisi ana usumbufu: hulia, hula, na jamaa zake huuliza maswali. Mgonjwa wa karatasi hana hayo. Mwaka 2012 NHIF ilitikiswa na madai ya mamilioni kulipwa kwa kliniki ambazo nyingine hazikuonekana. Juni 2023, baada ya uchunguzi wa runinga ya NTV kuhusu wazee waliochukuliwa vijijini kwa ahadi ya matibabu ya bure, kadi zao zikadaiwa kutumika kulipisha upasuaji, Waziri wa Afya Susan Nakhumicha alisimamisha hospitali kadhaa pamoja na maofisa wa NHIF. Agosti 2025, NHIF ikiwa imekwisha kuzikwa, Waziri Aden Duale akasimamisha makumi ya hospitali kwa tuhuma za kuwaandika waliotibiwa na kurudi nyumbani kuwa wamelazwa, na kuwaandika waliojifungua salama kuwa wamepasuliwa.

Hesabu yake haihitaji chuo. SHA hulipa 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Kalamu ya dakika moja, faida ya 20,000, na mama hana hata kovu la kuonyesha.

Hatua ya 7: Hospitali ya kweli ingoje

Ukanda huu wa Laare hadi Kiritiri una hospitali za misheni za tangu zamani, kuanzia Maua hadi Nkubu hadi Kyeni, na hospitali za kaunti Meru na Embu. Hizi zina wagonjwa wenye miili. Zikae mwisho wa foleni.

NHIF ilipokufa iliacha madeni ya hospitali ya takriban shilingi bilioni 30. Machi 2025 Rais aliagiza zinazodai hadi milioni 10 zilipwe zote, na kubwa kuliko hizo zihakikiwe kwanza. Uhakiki ni neno la kuweka kwenye fremu ofisini. Hospitali inayohakikiwa haiwezi kununua uzi wa kushonea, hivyo mgonjwa mwenye bima hutumwa duka la dawa ng'ambo ya barabara akanunue mwenyewe.

Pengo linalobaki lisikusumbue. Lina bima yake, kongwe kuliko NHIF: harambee. Watoto watafungua kundi la WhatsApp, mjomba aliye Nairobi atakuwa mweka hazina, ng'ombe atauzwa, na hati ya shamba itakwenda kwa mkopeshaji. Bima hiyo haina mkurugenzi wala gawio, na hulipa usiku huo huo.

Tahadhari za mwisho

Liko kundi moja linaloweza kukuharibia yote haya, nalo halina wanasheria. Ni wakulima wa chai.

Mkulima wa Githongo au Rukuriri anajua bonasi ya kiwanda chake mpaka senti ya kila kilo. Anajua kiwanda cha jirani kimelipa ngapi. Humchagua mkurugenzi wa kiwanda, humwita mkutanoni, humuuliza kuni zilinunuliwa kwa bei gani na nani aliyezileta, na asiporidhika humng'oa. Mtu huyo huyo hukulipa ada mwaka baada ya mwaka bila kuuliza lolote.

Sasa fikiri akianza. Katika kila shilingi mia nilizotoa, ngapi zilifika wodini? Hospitali yangu inalipwa baada ya siku ngapi, na wewe mshahara wako unaingia baada ya siku ngapi? Mfumo ni wa nani, na mkataba uko wapi tuusome? Maswali matatu tu, kwa sauti ile ile ya siku ya bonasi, na foleni nzima inageuzwa.

Kwa hiyo mkutano wako wa mwaka uitishe Nairobi, siku ya kazi, saa mbili asubuhi, wiki ambayo majani yamejaa shambani. Tangazo liweke kwenye gazeti la Kiingereza.