Muulize Mjomba Mjuaji

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni kontrakta mdogo. Nimemjengea tajiri mmoja ukuta wa mawe, akakata asilimia 3 ya malipo yangu akidai ni kodi. Bima ya afya nayo naambiwa nilipe ya mwaka mzima kwa mpigo, na sasa hivi sina mjengo. Nifanyeje?*
*– Mwiko Mkavu, Ruiru*

Marahaba, mpwa wangu. Una bahati, swali lako limenikuta nimeshiba.

Ukuta, umesema? Mimi nilijenga banda la kuku kwa mikono hii, bila ramani wala timazi. Mhandisi mmoja alilitazama kwa muda mrefu, akavua helmeti, akaondoka bila kuaga. Hiyo ndiyo heshima. Kuku wenyewe wanaliheshimu mno, hulala nje.

Tulikuwa wapi? Naam, tajiri. Kukata si kosa: kontrakta mkazi hukatwa asilimia 3 malipo yake ya mwezi yakifika shilingi 24,000. Kosa ni pesa hizo kulala mfukoni mwake, maana anatakiwa kuziwasilisha KRA ndani ya siku 5 za kazi. Ingia iTax uone kama cheti cha makato kimetokea kwenye PIN yako. Kimetokea? Kichapishe, ukitundike juu ya picha ya harusi. Mkeo atazoea. Hakijatokea? Tandika godoro kwenye toroli, ulale langoni kwake, ukorome kwa mlio wa mashine ya kukoroga zege. Nikikoroma mimi, ploti nzima huamka ikidhani ghorofa inaongezwa.

Cheti hicho ndicho kitakachopunguza kodi yako ukijaza ritani. Na ujaze kabla Juni 30 haijapita, hata kama mwaka mzima umesukuma toroli tupu. Ukichelewa, faini haipungui shilingi 2,000, pesa ambayo ungeninunulia nyama choma ya shukrani.

Haya, bima ya afya ya SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, basi. Wewe uliyejiajiri unahojiwa kwanza kuhusu nyumba na mali yako, ndipo upewe hesabu ya mwaka, isiyopungua 300 kwa mwezi. Fundi kuulizwa nyumba yake! Kila mtu anajua mjenzi wa maghorofa hulala kwenye mabati. Mimi walinihoji, nikajibu kwa ufasaha hadi karani akaomba maji.

Mpango wa Lipa SHA Pole Pole upo, unakuwezesha kulipa deni hilo vipande vipande. Kwa hiyo ukiwa juu ya jukwaa, anguka polepole vilevile, uende sambamba na malipo.

Mhariri ananikodolea macho, nafasi imekwisha. Bi. Nondo wa Thika, uliyeuliza kama saruji ina VAT: ina, asilimia 16, na kama hujasajiliwa hurudishiwi hata senti. Anayefuata!