Jinsi ya Kuchagua Filta ya Oili Bila Kumuudhi Fundi Wako

Hongera kwa Toyota Noah mpya. Mpya kwako, maana tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo lako lilivuka mpaka likiwa na miaka 14 na ushee, kijana mbichi. Umelivisha viti vya ngozi ya bandia, umelifungia spika zinazosikika kutoka Base Camp hadi Juru, na kwenye kioo cha nyuma umeandika jina la mama. Abiria wa Mbarara wanaligombania. Sasa mtu mwenye roho mbaya amekukumbusha kwamba kilomita 5,000 zimepita na injini inadai oili na filta.

Usibabaike. Mwongozo huu ni wa wenye magari wa Ngarama, wa makazi yote ya wakimbizi ya Nakivale, na wa vijiji vyote vya Isingiro vinavyoishi kwa kupakia matoke. Fuata hatua zake kwa utulivu, nawe utapata filta inayolingana na heshima yako.

Hatua ya kwanza ni rangi. Ndani ya maduka ya spea ya Mbarara makopo meupe, meusi, ya bluu na ya chungwa yamepandana hadi darini kwa ustadi wa mpanga nyanya sokoni. Kama gari ni jeupe, kopo jeupe linapendeza. Kweli, filta inakaa mahali ambapo haionwi na mtu isipokuwa fundi, na mbuzi wanaojikinga jua uvunguni, lakini heshima ni heshima.

Wapo watu wasio na ladha ambao hutazama namba. Filta za kopo za Toyota zina namba inayoanza na 90915, kisha tarakimu na herufi zinazotofautisha injini moja na nyingine. Watu hawa huiandika kwenye simu, huisoma dukani, na wakiletewa isiyo yenyewe huaga na kuondoka. Wauzaji hawawapendi. Wewe sema tu, “Nipe ya Noah,” kana kwamba Noah zote zilizaliwa na mama mmoja. Zimepitia injini kadhaa, za petroli na za dizeli, na baadhi ya zile za baadaye hazitumii kopo kabisa: zinataka karatasi peke yake, inayoingizwa ndani ya kikombe chake kwenye injini. Hayo ni mambo ya fundi. Wewe umekuja kununua.

“Lakini imeingia!” fundi atasema, akiizungusha kwa vidole viwili. Kuingia si kazi. Uzi wa robo tatu ya inchi, wenye meno 16 kwa inchi, unatumiwa na Toyota na pia na Ford, na kopo la mmoja linaweza kujikaza kwa mwingine bila aibu yoyote. Kinachotofautiana hakionekani. Humo ndani mna springi na vali ya dharura, ambayo hufunguka karatasi inapoziba ili injini ipate oili chafu badala ya kukosa oili kabisa. Katika magari mengi hufunguka tofauti ya shinikizo inapofika karibu baa 1. Springi ikiwa laini mno, vali hukaa wazi nusu ya safari, oili inapita pembeni, na wewe umenunua kopo zuri la kupambia injini. Ikiwa ngumu mno, siku karatasi itakapoziba, beringi za krankshafti zitakuwa za kwanza kupata habari.

Hatua ya pili ni uzito. Hapa muuzaji mwenyewe atakuongoza. Atakuwekea filta kiganjani, atakutazama usoni, atasema, “Sebo, sikia hiyo.” Nawe utatikisa kichwa kama mnunuzi wa dhahabu. Ni tambiko zuri na halina gharama. Bati nene ni jambo jema, kwa kuwa kopo jembamba linaweza kuvimba shinikizo linapopanda asubuhi ya baridi, lakini bati halichuji kitu. Ukitaka kuupima ubora kwa kilo, nunua jembe.

Hatua ya tatu ni kusoma boksi. Tafuta neno “Genuine”. Likiwa limeandikwa mara tatu, bora zaidi. Likiwa na herufi iliyopotea njiani, usiwe mchokozi. Tafuta pia karatasi inayong'aa ukiigeuza juani, kwa sababu inajulikana wazi kwamba mtu anayeweza kughushi filta nzima hawezi kughushi stika. Na utakuta maneno ISO 9001, yanayokueleza kwamba kiwanda fulani kina utaratibu mzuri wa kuendesha shughuli zake, si kwamba kopo hili linachuja. Kipimo cha kuchuja chenyewe ni ISO 4548-12: filta inapitishiwa oili yenye vumbi la kupimia, tena na tena, kisha wanahesabu chembe zilizopenya na ukubwa wake kwa mikroni. Ukimuuliza muuzaji habari za 4548-12, atafikiri umekosea namba ya simu.

Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe zinazokwangua beringi na ringi za pistoni ni ndogo kuliko hapo mara kadhaa, mikroni 10 au 20, hazionekani kwa macho wala hazisikiki ukisugua oili baina ya vidole, ingawa kila dereva anayejiheshimu lazima asugue, anuse, na kutamka, “Bado nzuri.”

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mwongozo wa heshima haungekutajia. Omba filta yako ya zamani. Fundi atashangaa. Atakuuliza unaipeleka wapi. Chukua hiyo na nyingine iliyotupwa pale gereji, zikaushe oili, kisha uzikate shingoni kwa mkasi wa bati. Msumeno wa chuma unamwaga unga wake mwenyewe ndani, halafu utaanza kulia kwamba injini yako inakufa.

Ukishafungua, ukweli wote uko mkononi. Kwenye filta nzuri karatasi imekunjwa mikunjo mingi, iliyopangwa sawasawa, na ukiivuta inajinyoosha kuwa ndefu kuliko ulivyotarajia. Ncha zake zimegundishwa kwenye vifuniko pande zote bila pengo. Katikati kuna bomba lenye matundu linaloizuia isibonyee. Chini ya kile kisahani chenye matundu madogo, ambapo oili huingilia kabla ya kutokea tundu la kati, kuna kiwambo cha mpira, laini, kinachorudi chenyewe ukikibonyeza. Kazi yake ni kushika oili ndani ya kopo usiku kucha, ili asubuhi injini isiwake kavu. Mara nyingi kile cha silikoni ni chekundu au cha chungwa na huvumilia joto. Kile cheusi cha kawaida si kibaya kikiwa kipya, ila joto hukikausha mapema zaidi. Ule mlio wa kwarakwara unaousikia kila alfajiri kwa sekunde chache, ambao umekuwa ukiwaambia abiria kwamba ni injini “inaamka”, mara nyingi unaanzia hapo.

Ile ya bei ya kutupa ukiifungua, mikunjo utaihesabu bila kutumia vidole vya miguuni. Gundi imeachia upande mmoja, kwa hiyo oili haikuwa na haja ya kupita kwenye karatasi. Kiwambo kimekuwa kigumu, au hakikuwekwa. Vali ya dharura ni kipande cha bati kilichobanwa ambacho hakifunguki hata ukikipigia magoti. Nje, makopo hayo mawili yalikuwa na rangi moja na uzito ule ule.

Hatua ya nne ni fundi, na hapa tunaomba uvumilivu. Awe fundi wa Mbarara aliyesomea ufundi, awe kijana wa New Congo, kule Nakivale, anayekuambia “tufanye vidanje”, yaani tubadilishe oili, huku ameshalala chini ya gari, kanuni ya kufungulia ni moja: spana ya mnyororo imeazimwa tangu mwezi uliopita, kwa hiyo bisibisi itapenyezwa kwenye kopo kutoka upande hadi upande na kugeuzwa usukani. Hilo tunalisamehe, kopo lenyewe linakwenda kutupwa. Ya kuangalia ni ringi ya mpira. Mara nyingine ya zamani hubaki imeng'ang'ania kwenye injini, na mpya ikafungwa juu yake. Ringi mbili haziwezi kukalia kiti kimoja. Gari litawaka vizuri, litatoka gereji vizuri, na mahali fulani kwenye moramu ya kwenda Ngarama ringi zitateleza na pampu itasukuma oili yote barabarani kwa muda mfupi sana. Kwenye dashibodi itawaka taa nyekundu yenye picha ya kibirika. Madereva wetu wengi wanaielewa kuwa ni dalili ya kufika kituoni haraka zaidi. Huko mbele injini inanoki, na abiria wanaanza kuuliza nauli yao inarudishwaje.

Basi pitisha kidole wewe mwenyewe kabla mpya haijafungwa. Paka oili kidogo kwenye ringi mpya. Kaza kwa mkono mpaka iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Fundi atataka kuikaza kwa mguu ili kukuonyesha upendo; mzuie kwa adabu, mwite mzee hata kama ana miaka kumi na tisa.

Kuna shule nyingine inayofundisha kwamba filta hainunuliwi, inaoshwa: petroli ndani, tikisa, puliza kwa kompresa, rudisha. Tunaiheshimu kwa uchumi wake. Upepo unasukuma uchafu kutoka upande mchafu kwenda upande safi, petroli iliyobaki kwenye karatasi inakwenda kuifanya oili mpya iwe nyepesi, na mwenye gari ameokoa fedha ambazo atazihitaji baadaye kununua injini ya mtumba.

Wamarekani hawakuwa na ujasiri huo. Mwaka 1923 Ernest Sweetland aliwatengenezea kichujio cha oili walichokiita Purolator, na mwaka uliofuata Chrysler akakifunga kwenye gari lake la kwanza. Kile cha mwanzo kilichuja sehemu tu ya oili katika kila mzunguko, lakini ilionekana ni maendeleo. Makopo ya kufunga kwa mkono kama haya yetu yalikuja miaka ya 1950, miaka ile ile ambayo mwishoni mwake Nakivale ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda.

Tusimwonee fundi peke yake. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, lori moja la matoke linatosha kufunika kijiji kizima kwa vumbi jekundu, na mwenye gari hulaumu filta ya oili kwa vumbi ambalo halikupitia kwake. Vumbi huingia kwa hewa. Kama filta ya hewa imetoboka, au imekunjwa kwa nguvu kwa sababu ilikuwa ya gari jingine, mchanga unakwenda moja kwa moja kwenye silinda, unashuka na oili, na hakuna kopo la bei yoyote litakalowahi kuuzoa wote. Fungua lile boksi la hewa kila unapobadilisha oili. Ukikuta vumbi upande wa ndani wa karatasi, hiyo ndiyo habari mbaya ya kweli, na umeipata bila kulipa.

Wenye boda msikasirike kwa kusahauliwa. Pikipiki nyingi ndogo zina wavu tu wa kuoshwa, hazina kopo, kwa hiyo kwenu mwongozo ni mfupi: badilisheni oili mapema, na msinunue ile ya chupa ya maji iliyopangwa kando ya barabara kwa sababu tu inang'aa.

Duka la kununulia je? Duka zuri ni lile ambalo mwezi ujao litakuwepo pale pale, linakupa risiti yenye jina lake, na mwenye duka hakasiriki ukimrudishia kopo ulilolikata. Wa pembeni ya stendi, mwenye filta tatu ndani ya mfuko wa kaki, ana bei nzuri na miguu myepesi. Ukikwama kabisa, mwulize dereva wa yale magari meupe ya mashirika yenye antena ndefu ananunua wapi. Hayo hubadilishiwa filta kwa tarehe, na dereva wake hana sababu ya kukuficha.

Ukishaipata yenye namba sahihi pale Mbarara, nunua mbili. Moja ifungwe leo, na kilomita za leo ziandikwe juu ya kopo kwa kalamu ya wino mzito. Nyingine ikae chini ya kiti cha dereva, ndani ya boksi lake, kwa sababu kilomita 5,000 zijazo zitakukuta Ngarama, siku ya soko, na fundi atakuambia kwamba ya Noah imekwisha ila anayo nyingine inayoingia.