Namna ya Kuvuka Jimbo na Bastola Kiunoni Bila Kulala Ndani

Hongera kwa kibali chako. Wakubwa wa Philadelphia wamepekua rekodi zako, wameridhika kwamba huna baya, wamechukua ada yao na kukupa kadi inayokuruhusu kutembea na bastola chini ya koti. Kadi hiyo sasa imebanana na leseni ya udereva ndani ya pochi, lakini usizidhanie kuwa ndugu. Leseni ya udereva inatambulika kutoka Alaska hadi Florida. Kadi ya bastola inakata roho juu ya Mto Delaware, katikati ya Daraja la Benjamin Franklin, pale Pennsylvania inapokwisha na New Jersey inapoanza. Kengele hailii. Magari yanaendelea kama kawaida, na wewe umeshakuwa mhalifu.

Jambo la kwanza, basi, ni kutojipa moyo kwa habari za katiba. Haki ya kuwa na silaha ipo, nani kasema haipo? Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha mwaka 2008 kwa bastola ya kukaa nayo nyumbani, na Juni 2022, katika kesi ya Bruen iliyotoka New York, ikasema haki hiyo inafika hadi barabarani. New York ikaitikia hukumu, na wiki mbili hazikupita ikawa na sheria mpya ya kutaja mahali ambapo haki hiyo isitie mguu: mabasi, bustani, baa, viwanja vya michezo, pamoja na Times Square. Kwa ufupi, haki umepewa, pa kuitumia utapatafuta mwenyewe.

Pili, jifunze tabia za majimbo. Vermont haijawahi kumdai mtu kibali. Kufikia 2024 majimbo 29 yalikuwa yameamua kwamba mtu mzima anayeruhusiwa kumiliki bastola anaruhusiwa pia kuificha kiunoni bila karatasi yoyote. Upande wa pili yuko Illinois, wa mwisho katika majimbo yote 50 kuruhusu bastola ifichwe kiunoni, hata kwa kibali, mwaka 2013, tena baada ya kusukumwa na mahakama. Kibali cha ugenini hakitambui, ila mgeni anaweza kuiacha bastola yake garini. Katikati kuna majimbo yanayotambuana kwa kuchaguana, kama familia mbili zenye mashemeji wa pamoja na ugomvi wa zamani. Utah, kwa ukarimu wake, hutoa kibali hata kwa asiye mkazi, na kwa kuwa majimbo mengi yanakiheshimu, kuna watu wanaotamba na cheti cha Utah ambao Salt Lake City wameiona kwenye picha tu.

Usiishie kwenye bastola. Zihesabu na risasi. Magazini ya risasi 17 ni halali Delaware. Colorado inataka zisizidi 15, na New Jersey zisizidi 10. New Jersey inaangalia hata umbo: risasi yenye tundu kichwani, ambayo ni ya kawaida kabisa kwa wanaojilinda kwingineko, huko unaweza kuwa nayo nyumbani kwako, ila kutembea nayo ni kosa jingine la kuongeza juu ya lile la kwanza.

Ukiwa Texas, soma milango kabla ya kuifungua. Mwenye duka asiyetaka bastola zilizofichwa anapaswa kuweka bango lenye maneno yaliyowekwa na sheria, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisipungue kimo cha inchi moja. Wenyewe huliita kwa namba ya kifungu, 30.06. Kuna na ndugu yake, 30.07, kwa bastola inayoonekana. Mlango mmoja ukibandikwa yote mawili, mteja mwenye haraka anaweza kumaliza kusoma duka likiwa limefungwa.

Halafu kuna shule. Sheria ya shirikisho ya 1990 inakataza bastola ndani ya futi 1,000, karibu meta 300, kutoka shuleni, isipokuwa kwa mwenye kibali cha jimbo lile lile shule ilipo. Kwa hiyo katika yale majimbo 29 yasiyodai kibali, mgeni anaweza kuwa halali mbele ya jimbo na mkosaji mbele ya Washington, kwa hatua ile ile, kwenye barabara ile ile. Kibali chake cha nyumbani hakimsaidii hapo. Sasa tafuta mji ambao barabara yake kuu haipiti karibu na shule.

Utaambiwa usihofu, kuna sheria ya kumlinda mpitaji. Kweli ipo, ya 1986. Inasema ukitoka mahali unaporuhusiwa kwenda mahali unaporuhusiwa, majimbo ya katikati yakuache upite, mradi bastola haina risasi, na hiyo bastola na risasi zake zisifikike kutoka kwenye viti. Gari lisilo na buti litumie sanduku lenye kufuli, na droo ya dashibodi haihesabiki hata ukiipiga kufuli. Ndugu zetu wa Nairobi, Arusha na Bukavu wanaoendesha malori huko, ambao kitanda na usukani viko chumba kimoja, walisome hilo mara mbili.

Sheria hiyo ilipimwa mwaka 2005. Bwana mmoja wa Utah alikuwa akisafiri kwa ndege kwenda Allentown, Pennsylvania, bastola yake imefungwa na kutangazwa kama inavyotakiwa. Alipofika Newark, New Jersey, akakosa usafiri wa kuendelea, akapewa mzigo wake, akalala hoteli ya uwanjani. Asubuhi akaenda kaunta na kusema kama muungwana: nina bastola ndani ya sanduku. Polisi wakamtia pingu. Mashtaka yalifutwa baadaye, akafungua kesi ya kudai haki yake, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ikamjibu kwamba usiku ule hotelini sanduku lilikuwa mkononi mwake, kwa hiyo ulinzi ulikwisha. Angefanyaje? Majaji walikuwa na jibu: kabla ya kuuchukua mzigo, angewaendea polisi wa uwanja wa ndege.

Polisi hao hao.

Oktoba 2013 ikawa zamu ya mama mmoja wa Philadelphia mwenye watoto wawili. Alisimamishwa barabarani New Jersey kwa kosa dogo la trafiki, naye kabla hajaulizwa akamwambia askari: nina bastola, na kibali changu cha Pennsylvania hiki hapa. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini mwendesha mashtaka wa kaunti hakuwa na uhusiano huo. Kosa lake lilikuwa na kifungo cha lazima, na mwaka 2015 Gavana Chris Christie akamsamehe. Angenyamaza huenda angefika nyumbani. Lakini mwongozo huu hauwezi kukushauri unyamaze, maana Michigan, kwa mfano, kutomwambia askari papo hapo ndiko kosa lenyewe.

Msomaji wa Tanga unayekwenda Minnesota kumsalimia shangazi, wewe usihangaike: sheria ya shirikisho inamkataza mgeni wa viza ya matembezi kuwa na bastola au hata risasi, ila kwa vighairi vichache, kimojawapo kikiwa leseni ya kuwinda. Mpelekee shangazi korosho.

Wengine wote wanaotaka njia isiyo na utata, ipo moja. Tangu 2004 sheria ya shirikisho inawaruhusu polisi, walio kazini na wastaafu, kubeba bastola iliyofichwa katika majimbo yote. Jiunge na polisi, tumikia miaka 10, ondoka kwa amani, faulu mtihani wa shabaha kila mwaka, kisha vuka Daraja la Benjamin Franklin ukipiga mluzi hadi Atlantic City. Kasino, hata hivyo, ni mali ya mtu, na sheria hiyo hiyo inaliachia jimbo nafasi ya kumruhusu mwenye mali akwambie bastola ikae garini.