Mstahiki Vumbi

Wenye kusifiwa wameshasifiwa. Mnazi umesifiwa, mkarafuu umesifiwa, na mheshimiwa anayezindua matundu mawili ya choo huimbiwa na kwaya, na ngoma juu. Leo naomba nafasi nimsifu ambaye hajawahi kutambulishwa na mshereheshaji yeyote: vumbi. Wala si vumbi lote kwa ujumla wake. Namsifu mmoja tu, aliyeinuka barabarani, akapaa, akapenya kwenye mdomo wa kamera yangu wakati nabadili lenzi, akafanya maskani mbele ya sensa.

Itifaki ikizingatiwa, fadhila ndogondogo nizitaje haraka. Ni mnyenyekevu: kwa macho humwoni. Habagui: kamera mpya ya mkopo na ya mtumba anaziingia kwa adabu ileile. Huhudhuria kila hafla, huwahi kuliko waandaaji, na hajawahi kusaini karatasi ya posho.

Lakini fadhila iliyomweka juu ya wote ni msimamo. Akishakaa, amekaa. Jumamosi yumo angani juu ya bega la bibi harusi. Jumatatu mazishini yupo palepale, juu ya kichwa cha padri. Kipaimara yupo, mahafali ya chekechea yupo. Msimu wa kampeni alisimama juu ya mgombea wa chama hiki, akasimama juu ya mgombea wa chama kile, bila kusogea hata nukta. Katika wote waliokuwa viwanjani siku zile, ni yeye peke yake ambaye hakuhama.

Tena anajua wakati wa kujitokeza. Fungua tundu la lenzi mpaka f/2.8, hutamwona: mwanga unaingia kwa upana, unampita huku na huku, kivuli chake kinayeyuka. Libane mpaka f/16 au f/22, mwanga unakuja mwembamba ulionyooka, na kwa kuwa amekaa kwenye kioo cha kichujio kilicho mbele kidogo tu ya sensa, kivuli chake kinatua kikiwa na kingo. Maana yake, picha za sura moja, nyuma kumefifia, hazimhusu. Yeye husubiri anga tupu, umati, jukwaa kuu na mabango yote yasomeke. Ni mtu wa picha rasmi.

Wajapani wamejaribu kumyumbisha. Mwaka 2003 Olympus walitoa kamera ya E-1, yenye kioo mbele ya sensa kinachotetemeka kwa kasi ambayo sikio halisikii, ili chembe zidondoke. Kampuni nyingine zikafuata. Chembe kavu kweli hudondoka. Iliyoshika mafuta au unyevu hutikiswa, ikatikisika, ikabaki. Mwaka 2012 Nikon walitoa D600, na wanunuzi wakaanza kuona madoa kwenye picha kamera ikiwa bado mpya. Mwaka uliofuata ikaja D610 yenye shata nyingine, na 2014 Nikon wakakubali kuzikagua D600, kuzisafisha na kuzibadilishia shata bure. Taasisi ngapi unazijua wewe ambazo zimebadili kitu kwa sababu vumbi limelalamikiwa?

Kumwondoa Mstahiki nako kuna utaratibu wake. Betri iwe imejaa, maana kwenye kamera zenye kioo cha kuinuka, umeme ukikatika katikati kioo kitakushukia kijiti kikiwa ndani. Zima feni, funga dirisha. Elekeza mdomo wa kamera chini, minya kipira cha hewa, ncha yake isivuke mlango wa lenzi. Usipulize kwa mdomo: utamletea mate, nayo yakikauka yanaganda. Usitumie kopo la hewa ya kusafishia kompyuta: linaweza kutema majimaji yake juu ya kioo. Akikataa kutoka, ndipo uchukue kijiti chenye kitambaa laini kinachoenea sensa, milimita 24 kwa sensa kubwa, na matone mawili ya dawa yake. Pitisha mara moja toka upande huu hadi ule, geuza kijiti, rudi. Usisugue. Na ujue kwamba hata anwani anatoa kinyume: doa likiwa juu kushoto kwenye picha, mwenyewe yuko chini kushoto ukimchungulia kwa mbele.

Nilipomaliza, kitambaa cheupe kilikuwa na mstari mwembamba mwekundu. Rangi hiyo naijua. Ni ya ile barabara.

Ile barabara nimeipiga picha tangu jiwe la msingi lilipokuwa na rangi yake. Upembuzi yakinifu umekamilika. Usanifu wa kina umekamilika. Mkandarasi yuko hatua za mwisho za kupatikana. Amepatikana, sasa tunasubiri malipo ya awali. Siku ya ziara, boza la maji lilipita alfajiri likamwagia kuanzia lami inapoishia mpaka kwenye mahema, likageuza. Zahanati iko mbele kidogo ya mahema. Huko hata tone. Mgeni rasmi aliyetarajiwa saa tatu akafika saa nane, maji yameshakauka. Msafara ukapita mbio, nami nimeshika kamera iliyo wazi, natoa lenzi ndefu ya msafara naweka fupi ya jukwaa, afisa habari akinipigia kelele: "Anashuka! Anashuka!"

Jamani, nacheka, lakini inakera. Pale zahanati watoto wanachomwa chanjo vumbi likiingia dirishani. Wanafunzi wanavuka barabara kola wamezivuta puani. Hawa wakubwa wanashusha vioo, wanatuahidi lami kwa kipaza sauti, wanapandisha vioo, wanaondoka. Vumbi hilo wao hawalimezi. Wanalitimua tu.

Jioni nikatuma picha. Afisa habari akapiga simu.

"Kaka, hii ya jukwaa ina doa angani, juu ya mheshimiwa. Litoe."

Nikalitoa. Ni kazi ya sekunde.

"Na hii ya msafara, toa vumbi basi. Barabara inaonekana haijatengenezwa."

"Haijatengenezwa, bosi."

"Najua, kaka. Wewe litoe tu."

Ankara niliyopeleka ofisini kwao ina mistari miwili. Wa kwanza: kusafisha sensa ya kamera. Wa pili: kuondoa vumbi barabarani. Mhasibu ameukata wa kwanza, anasema hauna kasma. Wa pili umepita.