Watasema Amekaa

Ndugu msomaji, kama na kwenu maamuzi ya nyumba hupitishwa wakati wewe uko chooni, sogea tulie pamoja.

Watasema alifika kwetu Kayanga mwezi wa sita, ndani ya kikapu, kwa bodaboda kutoka Nkwenda kule Kyerwa. Njiani kilebu yule alitapika mara mbili, zote kwenye koti langu. Aliyeniuzia aliapa ana wiki nane, nami nikaamini kwa kuwa alivaa rozari. Alikuwa na tano. Jina alipewa na mke wangu, Mama Koku, kwa ajili ya jirani mmoja mpenda umbea, ambaye sasa kila jioni husikia akiitwa: "Watasema! Njoo ule!" Salamu zimepungua.

Likaja suala la shule: aanze lini? Mama mkwe, ambaye wajukuu humwita DC kwa sababu akiingia kila mtu hutoa taarifa, akasema mbwa hafundishwi mpaka abadilishe meno. Shemeji yangu Profesa akataka alishwe pilipili na nyigu ili awe mkali. Profesa huyu ndiye aliyetufundisha kufuga njiwa. Hatuna njiwa. Mama Koku akasema tuanze na baba mwenye nyumba.

Nikakimbilia kwa bwana mifugo. Alicheka kwanza. Mbwa, akasema, huanza kujifunza siku anayokanyaga uani kwako, umfundishe usimfundishe. Ningengoja atimize wiki nane ndipo nimchukue, maana ndugu zake ndio wanaomzoesha kung'ata bila kuumiza. Mpaka wiki ya kumi na nne hivi ndipo anapoizoea dunia: pikipiki, watoto, mbuzi, mvua juu ya bati. Somo dakika tano, neno moja, dagaa mmoja papo hapo. Atolewe nje kila akiamka na kila akishakula. Akitimiza miezi mitatu, chanjo ya kichaa cha mbwa. Pilipili nimpe Profesa.

Nikarudi na elimu yangu. Neno langu likawa "kaa". Koku akashika "keti", ndivyo mwalimu wake asemavyo. DC aliamuru kwa Kinyambo. Profesa, aliyewahi kulala siku tatu Murongo mpakani, akatumia Kiingereza. Mtoto wa mbwa akatutazama wote wanne kama mtu aliyekosea ofisi.

Siku ya sita nilikuwa nimeanika kahawa ya maganda kwenye turubai. Watasema akamaliza uji wake, na kwa kuwa kila mmoja alidhani ni zamu ya mwenzake, hakuna aliyemtoa. Alijitoa. Akapanda turubai, akazunguka mara tatu, akashusha makalio taratibu katikati ya kahawa.

"Amekaa!" Koku akapiga kelele.

Tukashangilia, kila mmoja akidai ni neno lake lililosikika. DC, ambaye hajawahi kumsifu mkwewe, alipiga makofi. Watasema akapewa dagaa watatu. Harufu ilitufikia baadaye.

Bwana mifugo alisema kweli, dagaa wa papo hapo hasahauliki. Tangu siku hiyo akibanwa, hata usiku wa manane, hukwaruza mlango, hukimbilia turubai, akimaliza hugeuka na kukaa wima akingoja malipo.

Debe lile la kahawa nililimwaga migombani, msomaji. Usiniangalie hivyo.