Yabisi Zenye Kinyongo: Jaribio la Uainishaji kwa Matumizi ya Mikumi na Kilosa

1. Eneo la utafiti

Barabara kuu ya TANZAM inaikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na katika kipande hicho elimu ya uainishaji imefika mbali. Kila mnyama ana faini yake kibaoni. Dereva anajua bei ya twiga kabla hajamgonga. Shehena iliyo ndani ya lori, kwa upande mwingine, haijapata mwainishaji ila utingo, ambaye huigawa mizigo yote ya dunia katika mafungu mawili: inayolalika na isiyolalika. Makala haya yanakusudia kuongeza fungu la tatu.

2. Aina za yabisi

Umoja wa Mataifa umeziweka yabisi zenye tabia ya moto katika daraja la 4. Tunaliruka la 4.1, kwa sababu yabisi zake kwa kawaida hungoja kuchokozwa. Zilizobaki huanza ugomvi zenyewe.

(a) Wenye kinyongo, daraja la 4.2. Hawa hawahitaji kiberiti. Hewa hupenya taratibu, joto huzaliwa ndani ya lundo, na lundo likiwa kubwa joto hukosa pa kutokea, likazidi hadi moto ukawaka. Kibandiko chao ni cheupe juu, chekundu chini. Anayedhani ni wageni wa ng'ambo atazame namba 1361: ni mkaa. Mbata ni 1363, na mashudu yenye mafuta ni 1386. Kwa hesabu hiyo wilaya ya Kilosa, inakochomwa mkaa, ni kitovu cha kemikali hatari, na mchoma mkaa anayeutandaza upoe kabla ya kuujaza maguniani ni mtaalamu wa 4.2 asiye na cheti. Utingo hulala juu ya mkaa huo.

(b) Mahasimu wa maji, daraja la 4.3. Kibandiko chao ni cha bluu, rangi ambayo mpita njia yeyote angedhani inaomba maji. Kabaidi ya wachomeleaji ikilowa hutoa gesi ya asetilini. Vidonge vya alumini fosfaidi, vinavyolinda mahindi ghalani, havingoji hata mvua: unyevu wa hewa unatosha kuvifanya vitoe gesi ya fosfini. Ndiyo inayoua fukusi, nayo haitofautishi kati ya fukusi na mlinzi wa ghala.

(c) Wenye tabia zote mbili, yaani 4.3 wakiwa na 4.2 ya ziada. Mfano bora ni vumbi la zinki, namba 1436, ambalo migodini husaidia kuitoa dhahabu kwenye maji ya sianidi. Likiwa kavu laweza kujipasha; likilowa hutoa haidrojeni, ambayo hungoja cheche tu.

3. Aina za watu

Lori la fungu (c) likilala chali, wafuatao huwasili kabla ya zimamoto.

Mchotaji. Kwake kilichomwagika ni riziki. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Petroli si yabisi, wala msiba ule si wa mzaha. Tunautaja kwa sababu kila daraja la shehena humkuta mchotaji yuleyule. Nyani wa Mikumi hawakuainishwa peke yao, kwa kuwa nao huchota.

Mwenye Ndoo. Ana moyo kuliko wote, na mbele ya kibandiko cha bluu hakuna wa kuogopwa kama yeye. Hata povu la zimamoto ni maji yaliyovaa koti.

Mnusaji. Fosfini ya viwandani hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, na kabaidi iliyolowa haiko mbali. Mnusaji hutangaza kuwa lori limebeba vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, kisha husogea kuhakikisha.

Mpiga Picha. Hupima umbali salama kwa ukubwa wa kioo cha simu.

Msimama Mbali. Yupo kwenye fasihi. Porini haonekani mara kwa mara.

4. Tiba

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Wataalamu wa 4.3 hawako mbali nao: moto ukiwa mkubwa na mchanga mkavu haupo, ondoka, uache uwake. Ukiwa mdogo, ufukie kwa mchanga mkavu au magadi soda makavu. Neno "kavu" ndilo lenye uzito. Mchanga wa kingo za mto Mkondoa, Kilosa, haukubaliki. Yabisi iliyomwagika bila moto hufunikwa kwa udongo mkavu, kisha turubai la plastiki juu, na watu hukaa walau mita 25 upande upepo unakotoka. Tangi au behewa likishika moto, mita 800. Piga 114, usome namba ya tarakimu nne ukiwa mbali, na useme mapema kwamba mzigo hautaki maji, zimamoto wasije na tangi lililojaa nia njema.

Kilosa inahitaji nyongeza. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliibomoa reli ya kati maeneo hayo. Mahali ambapo mto huingia bila kubisha hodi, vidonge vya ghalani havikai sakafuni. Sheria ya kemikali ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inawabana wanaosafirisha na kutunza, lakini mto haujasajiliwa.

5. Hitimisho

Binadamu hajapewa namba na Umoja wa Mataifa. Tunapendekeza aingizwe daraja la 4.2. Ushahidi ni huu: mmoja mmoja ametulia, akirundikana, joto huzaliwa katikati na kukosa pa kutokea, mpaka wa nyuma wanasukuma na wa mbele hawawezi kurudi. Tiba yake ni ileile ya mkaa, kutandazwa kabla ya kupakiwa, na polisi wameitamka miaka yote kwa neno moja: tawanyikeni. Tofauti tuliyoiona kati ya sampuli hizi mbili ni kwamba mkaa hauulizi, "Kwani kuna nini hapo?"